Waya wa juu ubebe umeme kweli: shajara ya reli ndogo ya Kampemba

Machi, mvua bado zinanyesha

Reli yetu ndogo inajengwa hapa Lubumbashi, Kampemba, uani kwa mjomba wangu, na kuanzia mwezi huu nitaandika kila hatua yake. Tumechagua njia ya upana wa milimita 45 kati ya reli na reli, ile inayouzwa Ulaya kwa treni za bustani. Wajerumani wa LGB, walioanza kuuza treni zao mwaka 1968, wanatumia kipimo cha 1 kwa 22.5 kwa kuwa wanaigiza reli za upana wa mita moja. Reli ya Katanga ni pana kidogo kuliko hizo: milimita 1,067, sawa na ya Zambia na Afrika Kusini. Gawanya 1,067 kwa 45, unapata 23.7. Kwa hiyo kila kitu chetu, kuanzia nguzo hadi dirisha la dereva, kinapimwa kwa 1 kwa 24 kasoro kidogo, na upana wa njia unatoka sahihi bila kudanganya macho.

Kabla taruma la kwanza (kipande kinacholala chini ya reli) halijalazwa tulikubaliana jambo moja: waya wa juu utabeba umeme kweli. Wengi wanaojenga reli ndogo husimamisha nguzo na kutandaza nyaya kwa ajili ya sura tu, huku mota inakula umeme kutoka kwenye reli. Jirani mmoja, fundi wa kulehemu anayetusaidia, alishauri tufanye hivyo kwa kuwa ni rahisi. Mjomba alikataa palepale. Ujana wake wote aliutumia kutunza katenari, yaani nyaya za umeme zilizo juu ya reli, kati ya Likasi na Tenke, na jibu lake lilikuwa fupi: "Mwipwa, waya usio na moto hakuna atakayeamka usiku kuutengeneza." Namuunga mkono kabisa. Waya wa pambo ukilegea, unalegea tu na treni inapita. Waya unaolisha treni ukilegea, treni inasimama, na lazima ujue sababu. Ndiyo elimu tunayoitaka uani hapa.

Niseme kidogo kuhusu kile tunachokiigiza, maana vijana wengi wa Lubumbashi wamekulia karibu na nguzo zile bila kusimuliwa thamani yake. Kipande cha Jadotville, ambayo leo ni Likasi, hadi Tenke kilitiwa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati kampuni ya reli ingali BCK (Reli ya Bas-Congo hadi Katanga). Umeme wenyewe ni mkondo geu (AC) wa hezi 50, uleule wa majumbani, ambao leo ni wa volti 25,000. Wakati huo lilikuwa jambo jipya duniani. Nchi nyingi zilitumia mkondo mnyoofu (DC) wa volti 1,500 au 3,000, na Ujerumani na Uswisi zilikuwa na mkondo geu wa hezi chache uliohitaji mitambo yake peke yake. Wafaransa walikuwa wamejaribu hezi 50 kati ya Aix-les-Bains na La Roche-sur-Foron muda mfupi tu kabla. Katanga ilikuwa na mabwawa: Mwadingusha kwenye mto Lufira tangu 1930, kisha Nzilo kwenye Lualaba. Umeme wa mabwawa ukapelekwa relini bila kubadilishwa hezi zake.

Faida kubwa iko kwenye hesabu. Mashine ya treni inayohitaji kilowati 2,000 huvuta ampea 80 tu kwa volti 25,000. Kwa volti 3,000 ingevuta zaidi ya 660. Ampea chache maana yake waya mwembamba, na vituo vya kulisha vinaweza kukaa mbalimbali. Nchi inayochimba shaba ikawa miongoni mwa za kwanza kujenga reli isiyokula shaba nyingi. Napenda sana jambo hilo. Sisi uani tuko upande mbaya wa hesabu hiyohiyo, kwa kuwa tunatumia volti 24 pekee kwa usalama wa watoto, na nitalirudia hilo tukifika kwenye nyaya za kulisha.

Aprili

Tuta limekwisha. Tumelijenga kwa udongo wa kichuguu, ambao hapa kwetu kila mfyatua matofali anaujua: ukiloweshwa na kushindiliwa unakuwa mgumu na mvua haiuli haraka. Juu yake kokoto ndogo, halafu mataruma.

Nguzo ni nondo nyembamba zilizolehemewa mkono wa juu na kusimikwa kwenye vikopo vya saruji. Mbao hatukuzifikiria hata kidogo. Udongo wa kichuguu na mchwa ni ndugu.

Mei, wiki za mwanzo: kuvuta waya

Hapa ndipo mradi ulipoanza kuwa na ladha.

Waya wa mguso, ule unaoguswa na pantografu (mkono ulio juu ya treni unaochukua umeme), tumeutoa kwenye waya wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba, tukauvua plastiki. Tumenunua mpya, dukani, na risiti tunayo. Katika soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, ungeweza kupata shaba chakavu kwa bei ya chini, lakini kwetu ni mwiko. Nyaya za umeme zinaibwa katika mkoa huu, na kila mita inayokatwa usiku inaacha mahali fulani treni imesimama au mtaa uko gizani. Reli ndogo inayojengwa kwa heshima ya reli kubwa haiwezi kununua waya ambao huenda umetoka juu ya reli hiyo.

Waya wa nyumba ni laini, umepashwa moto kiwandani ili upindike kirahisi ukutani. Kwa katenari ulaini huo ni ugonjwa. Dawa yake ni kuuvuta kabla ya kuutumia: funga ncha moja kwenye mti, ncha nyingine uizungushie kipande cha bomba, kisha vuta polepole kwa mwili mzima. Unahisi waya unakubali, unakubali, halafu ghafla unakataa. Hapo umekwisha kuwa mgumu na umenyooka wenyewe, mikunjo yote imeondoka. Chembe za shaba ndani zimesukumana na hazitelezi tena ovyo. Mpwa wangu wa kike ndiye aliyejifunza kusimama mahali hasa panapofaa, kabla waya haujakatika.

Mvutano tumeuweka kwa uzito na kapi, kama njia kubwa inavyofanya. Mwisho wa kila kipande waya unapita kwenye kapi ndogo na kubeba chupa ya mchanga ya kilo mbili. Kwenye njia kubwa ni vyuma vinavyoning'inia kandokando ya nguzo, na mvutano wake ni wa kiasi cha tani moja.

Kisha tukapiga hesabu iliyonifundisha mengi kuliko nilivyotarajia. Kulegea kwa waya katikati ya nguzo mbili ni uzito wa mita moja ya waya, mara umbali wa nguzo kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mvutano mara nane. Chukua waya halisi wa milimita 107 za mraba, karibu kilo moja kwa mita, nguzo ziwe mita 60, mvutano tani moja: waya unaning'inia zaidi ya sentimita 40 katikati. Pantografu inayokimbia ingepanda na kushuka kila mara na kurusha cheche. Ndiyo maana kuna waya wa pili juu, waya mbebaji, unaokubali kulegea kwa hiari yake huku ukiushika waya wa mguso kwa vining'inio vya urefu tofauti ili ukae sawa. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwetu: gramu 13 na kitu kwa mita, nguzo mita moja na nusu, mvutano kilo mbili. Jibu ni milimita 2. Reli ndogo haihitaji waya mbebaji hata kidogo!

Tumeuweka hata hivyo. Mjomba hakutaka mjadala juu ya hilo, na mimi pia sikutaka. Unalehemewa na vining'inio vyembamba vya shaba, na kwa kuwa nao ni shaba, unasaidia kubeba ampea. Sura ya Katanga imebaki, na kazi inafanyika.

Vihami, vinavyozuia umeme usipite kwenye nguzo, ni shanga za kioo. Tatu kwa kila mkono, zimetungwa kwenye uzi wa nailoni. Kwa volti 24 hata ubao mkavu ungetosha, lakini masika ubao hauwi mkavu.

Mei mwishoni: kona

Waya hupita kwa mistari iliyonyooka kutoka nguzo hadi nguzo, reli inapinda. Kona yetu ina nusu kipenyo cha mita 3. Nguzo zikiachana kwa sentimita 80, waya unaacha katikati ya reli kwa kiasi cha milimita 27. Ukizisogeza nguzo ili waya upite milimita 13 nje ya kona penye nguzo na milimita 13 ndani ya kona katikati, pantografu ya upana wa sentimita 7 inaukamata wakati wote.

Kwenye mnyooko tunafanya kinyume, tunaupindisha waya kwa makusudi. Nguzo hii inausukuma kushoto, ijayo kulia, zigizaga mfululizo. Bila hivyo waya ungesugua mahali pamoja tu pa kaboni hadi uchimbe mfereji, na siku moja ukwame humo.

Juni: pantografu

Kaboni ya kichwa cha pantografu imetoka kwenye betri kubwa za redio. Ukifungua betri kuukuu ya aina ya kawaida unakuta katikati kijiti cheusi cha kaboni, kigumu, cha urefu wa kidole. Tunakisugua juu ya jiwe hadi kipate uso bapa, tunakifunga kwenye fremu ya shaba njano, na pande zote mbili tunaweka pembe za waya zilizoinamishwa chini. Vaa kitu mikononi unapofungua betri, na unga mweusi usiumwage bustanini. Brashi za kaboni za mashine ya kutobolea nazo zinafaa, na ni imara zaidi, ila ni fupi.

Kwa nini kaboni na si chuma? Chuma kinaukwangua waya. Kaboni inajitoa mhanga yenyewe, na kadiri inavyosugua inaacha juu ya waya utando mweusi, laini, unaopitisha umeme vizuri. Wageni wakiuona wanasema waya umechafuka. Tunawaomba wasiufute. Kubadilisha kijiti cha betri ni kazi ndogo, kubadilisha waya ni kubomoa njia nzima.

Nguvu ya springi ndiyo siri ya pantografu. Ikiwa dhaifu, kichwa kinaruka na kurusha cheche, na kila cheche inachoma shimo dogo kwenye shaba. Ikiwa na nguvu mno, inaunyanyua waya na kuula. Tulipima kwa mizani ya jikoni, treni imelazwa juu chini: gramu 30 ndipo tulipotulia. Mjomba anasema kwenye njia kubwa ni kiasi cha kilo saba. Tena akatukumbusha kanuni ya madereva: mashine ina pantografu mbili, na kwa kawaida inapandishwa ile ya nyuma. Ikivunjika, vipande vinaangukia nyuma na ile ya mbele inabaki nzima kukufikisha nyumbani. Mashine yetu inafuata kanuni hiyo.

Treni ilipita kwa umeme wa juu kwa mara ya kwanza asubuhi ya baridi, na watoto wa majirani walikuwa wamejaa ukutani. "Mi naona moto ya bluu!" mmoja akapiga kelele. Ilikuwa kweli. Asubuhi za Juni hapa ni za umande, na tone dogo chini ya waya linatosha kutenganisha kaboni na shaba kwa nukta moja, cheche ikatokea. Duru za mwanzo zilipangusa waya, jua likapanda, moto wa bluu ukaisha. Tangu siku hiyo, duru za kwanza za asubuhi mashine inatembea peke yake, polepole, bila mabehewa. Mjomba alikaa kwenye kigoda chake akiifuata kwa macho, hakusema neno kwa muda mrefu. Halafu aliomba bisibisi, kwa sababu nguzo moja ya kona ilikuwa inatikisika.

Julai: umeme, na faida isiyotajwa sana

Umeme wa nyumba unakatika, kwa hiyo njia inalishwa na betri mbili za sola za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Fyuzi ya ampea 5 iko sentimita chache tu kutoka kwenye nguzo ya betri. Hilo nalisisitiza kwa yeyote anayetaka kuiga: betri ya sola ikipigwa shoti inaweza kutoa ampea mamia, na waya mwembamba utawaka kabla hujauita jina lake. Volti 24 hazimuui mtoto, lakini waya uliowaka unaunguza nyumba.

Sasa ile hesabu ya ampea niliyoiahidi. Waya wetu wa mguso una ukinzani wa karibu nusu omu kwa mita 40. Treni mbili zikivuta ampea 4 kwa pamoja, karibu volti 2 zinapotea njiani, na treni inachoka ikiwa mbali. Waya mbebaji unapunguza hasara hiyo, lakini hatukutaka kuuegemea. Tumezika waya mnene wa milimita 4 za mraba kandokando ya tuta na kuuunganisha na waya wa juu kila mita 10. Reli nazo zimeunganishwa kwa vipande vya waya vilivyolehemewa kwenye kila kiungo, maana umeme unaopanda kwa waya lazima urudi kwa reli, na kiungo chenye kutu ni sawa na waya uliokatika. Watu wanatunza juu wakasahau chini.

Faida niliyotaka kuieleza ni hii. Kwenye treni za kawaida za kuchezea, reli moja ni chanya na nyingine ni hasi. Ukijenga kitanzi au pembetatu ya kugeuzia treni, reli ya kushoto inarudi kukutana na ya kulia, na hapo ni shoti. Watu wanaweka swichi na vifaa vya elektroniki ili kukwepa. Kwetu reli zote mbili ni hasi na chanya iko juu. Pembetatu haina tatizo lolote! Tumejenga moja na kuipa jina Tenke, kwa kuwa Tenke halisi ndipo njia zinapoachana: moja inapanda Kamina, nyingine inakwenda Kolwezi na Dilolo, ya tatu inarudi Likasi na Lubumbashi.

Kuna mambo mawili zaidi. Kwanza, mabehewa yetu ya madini yana magurudumu ya chuma kwenye ekseli ya chuma, kipande kimoja kilichokerezwa na fundi wa hapahapa, bila plastiki ya kutenga upande na upande. Kwenye treni ya reli mbili magurudumu hayo yangeleta shoti mara moja. Hapa ni mali, maana kila gurudumu linasaidia kurudisha umeme. Pili, kokoto zikilowa mvua hazivujishi kitu kati ya reli na reli.

Ila lazima uzoee tabia moja. Treni ya reli mbili ukiigeuza, bado inakwenda upande uleule. Ya waya wa juu inafuata pua yake: chanya ikiwa juu, inakwenda mbele, popote pua inapoelekea. Ikitoka kwenye pembetatu imegeuka, mshika swichi asipokumbuka anaipeleka asikotaka. Mpwa wangu amechora mshale mwekundu kila upande wa pua, na sasa kila mshika swichi anaangalia mshale kwanza.

Agosti: vumbi

Kiangazi kikali. Vumbi jekundu linakaa kila mahali, pamoja na moshi wa mkaa na wa vichaka vinavyochomwa. Kazi ya mwezi huu ni kusafisha.

Reli tunazipangusa kwa kitambaa kilicholowa spiriti, kimefungwa chini ya behewa zito linalosukumwa kwa mkono. Msasa tumeupiga marufuku: unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ni vitanda vya uchafu. Mota inafunguliwa, kaboni zake zinapimwa, gia zinapakwa grisi kidogo tu, kwa sababu grisi nyingi inageuka tope.

Tunapofanya kazi juu, tunafuata kanuni za njia kubwa kwa ukamilifu wake, ingawa volti zetu haziumi. Ni agizo la mjomba na ninaliafiki kwa moyo wote. Kwanza unaomba umeme ukatwe, na aliyeukata anakujibu kwa mdomo wake. Pili, swichi inafungwa kwa kufuli na ufunguo unakaa mfukoni mwako. Tatu, unapima kwa multimita. Nne, unaunganisha waya na reli kwa fimbo yenye ndoano, pande zote mbili za mahali pa kazi. Ndipo unapogusa. Waya mkubwa uliokatiwa umeme bado unaweza kuua, kwa sababu njia ya jirani yenye moto inauambukiza volti bila kuugusa, na kwa volti 25,000 umeme hausubiri kuguswa, unaruka hewani. Watoto wanaokuja hapa wanaishi karibu na reli halisi. Tunawaambia waziwazi: huu wa uani unaweza kuugusa, ule wa kule usiukaribie hata kwa fimbo, hata waya huo ukiwa umelala chini, hata ukiambiwa hauna umeme. Wamerudia kwa sauti hadi wakashika.

Septemba: makutano ya nyaya

Tenke yetu imetusumbua. Penye njia panda ya reli, nyaya mbili zinakutana juu. Pantografu inayofuata waya mkuu inausukuma juu kidogo. Waya wa tawi unaokuja kutoka pembeni haujasukumwa, kwa hiyo unakuwa chini kuliko uso wa kaboni, unapita chini ya pembe na kuinasa pantografu. Kwenye njia kubwa tukio kama hilo linaweza kubomoa mamia ya mita za nyaya. Kwetu mkono wa nguzo ulipinda.

Dawa ni tatu, zote za mjomba. Waya wa tawi unaingia ukiwa milimita 3 juu ya waya mkuu. Mahali zinapovukana, kipande kifupi cha shaba kinazifunga pamoja kwa ulegevu ili mmoja ukinyanyuliwa na mwingine unyanyuke. Na pembe za pantografu zimeinamishwa zaidi. Mimi nimeongeza ya nne: kichwa cha pantografu kimefungwa kwa skrubu ya plastiki. Kikinaswa, skrubu inakatika kwanza, na skrubu ni rahisi kuliko nguzo.

Oktoba: joto, kisha mvua

Adhuhuri za mwezi huu zinachoma. Tulipima kapi: kutoka usiku wa baridi wa Julai hadi jua la sasa, chupa za mchanga zimeshuka kiasi kinacholingana na hesabu. Shaba ya mita 20 inarefuka karibu milimita 14 joto lake likipanda nyuzi 40. Ukisikia milimita 14 kwa mita 20 unadharau. Lakini waya huo ungefungwa ncha zote mbili bila kapi, urefu huo mdogo ungegeuka kulegea kwa zaidi ya sentimita 2 kati ya kila nguzo na nguzo. Kwa pantografu yetu hiyo ni tofauti ya kupita na kutopita. Sehemu moja tuliyoifunga ncha zote, kipande kifupi cha kuegeshea, tunaifuatilia kama ushahidi: imelegea vilevile.

Mvua ya kwanza imenyesha Jumamosi. Pamoja nayo radi, na radi za Katanga si za kuchezewa na mtu aliyetandaza shaba juu ya nguzo za chuma. Tumeweka utaratibu: wingu likionekana upande wa mashariki, betri zinachomolewa na kuingizwa ndani, waya wa juu unaunganishwa na mchuma uliozikwa ardhini, na hakuna anayebaki uani. Hakuna treni inayostahili mtu kusimama chini ya radi.

Rangi ya kijani imeanza kuonekana kwenye vining'inio, mahali kaboni haifiki. Watoto wameleta kipande cha malakiti wakalinganisha, na wamefurahi kuona undugu: shaba ikikaa na maji na hewa inataka kurudi kuwa jiwe. Kwenye vining'inio tunaiacha. Kwenye viungo vya waya wa kulisha tunaisugua na kupaka grisi, maana hapo inazuia umeme.

Waya wa mguso tumeupima kwa kalipa kwenye nguzo zote za mnyooko. Unene uko karibu sawa na wa mwanzo, isipokuwa mita moja baada ya stesheni, pale treni inapoanza kuvuta mzigo na ampea ziko juu. Hapo pana bapa linaloonekana kwa jicho. Mjomba anasema hata kwenye njia kubwa mahali pa kuondokea ndipo waya unapochakaa kwanza. Kipande hicho kitabadilishwa kabla ya Krismasi, na kwa sasa tumeongeza waya wa kulisha hapohapo.

Kazi zilizobaki mwezi ujao: ekseli nyingine kwa fundi wa kukereza, kwa ajili ya mabehewa ya madini, kitenganishi cha kugawa njia upande wa Kamina ili kuwe na sehemu mbili zinazoweza kukatwa kila moja peke yake, na kofia za bati kwa kapi, kwa sababu maji yanaingia kwenye ekseli zake na kapi iliyokwama haivuti tena.